Mzee Anapodhulumiwa Katika Makao ya Wazee Nchini Marekani: Namna ya Kutambua na Kutafuta Msaada wa Kisheria

Mwongozo huu ni kwa familia ambazo mzazi au jamaa yao anaishi katika makao ya wazee nchini Marekani na zimeanza kuwa na wasiwasi kwamba hatunzwi inavyostahili. Nimekuwa nikizisaidia familia zinazozungumza Kiswahili kuandika malalamiko na kufuatilia majalada ya wagonjwa wao, na kesi nyingi nilizoziona zikikwama zilikwama kwa kukosa karatasi, ingawa haki ilikuwa upande wa mzee. Ndiyo maana hatua ya tatu nimeieleza kwa kirefu kuliko nyingine zote. Ikiwa mzee yumo hatarini wakati huu, usisome zaidi, piga 911, namba ya dharura ya Marekani.

Sheria ninazozitaja zinayahusu makao ya uuguzi yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali, ya kwanza hasa kwa wazee na ya pili kwa wenye kipato kidogo), na mengi yanazipokea. Nyumba za wazee wanaojiweza kiasi, ambao husaidiwa tu kuoga, kuvaa au kumeza dawa, huongozwa na sheria za kila jimbo, kwa hiyo hakikisha kwanza mzee wako yuko katika kituo cha aina gani.

Hatua ya 1: Tazama mwili, kisha tazama chumba

Omba kuwapo wakati mzee anapobadilishwa nguo, iwapo mwenyewe ameridhia. Kagua visigino, nyonga na sehemu ya chini ya uti wa mgongo, kwa kuwa hapo ndipo vidonda vya kulalia huanzia. Mwanzoni huwa ni wekundu tu usiofifia ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, hivyo gusa uone kama mahali hapo pana joto, ni pagumu au panauma kuliko ngozi ya jirani. Alama za vidole kwenye mikono yote miwili, uzito unaoshuka, midomo iliyokauka na fedha zinazotoweka ni dalili za kufuatiliwa. Fuatilia vilevile usingizi mzito usio na maelezo, kwani sheria ya serikali kuu ya mwaka 1987 kuhusu makao ya uuguzi inakataza kumtuliza mkazi kwa dawa ili tu kuwarahisishia kazi wahudumu. Mzee anayenyamaza ghafla kila mhudumu fulani anapoingia anakwambia jambo.

Usikimbilie kuhukumu kwa chubuko moja. Ngozi ya mzee ni nyepesi, na dawa za kuzuia damu kuganda huifanya ivilie damu upesi. Kinachotiliwa shaka ni jeraha linalojirudia, au lile ambalo wahudumu wawili wanalieleza kwa namna mbili tofauti.

Chumbani, angalia kama kengele ya kumwita muuguzi iko mahali mkono wa mzee unapofika na kama maji yako karibu. Nenda usiku na mwishoni mwa juma, wakati wahudumu ni wachache. Kanuni za serikali kuu zinawaruhusu ndugu kumtembelea mkazi maadamu yeye mwenyewe anataka, hata kama saa za wageni zilizobandikwa mlangoni zimepita.

Hatua ya 2: Andika na upige picha

Tumia daftari la karatasi. Andika tarehe, saa, jina la mhudumu na maneno yenyewe yaliyosemwa. Piga picha mbili za kila jeraha: moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, na nyingine ya karibu yenye rula pembeni. Usiziweke kwenye mitandao ya kijamii. Kuhusu kamera za chumbani, majimbo kama Texas na Illinois yana sheria zinazoziruhusu kwa masharti, likiwamo la ridhaa ya mkazi mwenzake wa chumba. Kwingine uliza kwanza kabla hujaifunga.

Hatua ya 3: Pata majalada kabla ya kugombana na mtu yeyote

Nasisitiza mpangilio huu. Familia ikishapaza sauti, uongozi hujihami na kila karatasi huanza kuhitaji idhini ya makao makuu. Omba kwanza, kwa upole na kwa maandishi.

Mkazi mwenye akili timamu anaweza kuomba mwenyewe, hata kwa mdomo. Asipoweza, anayeomba ni mwakilishi wake: aliyepewa hati ya uwakala wa mambo ya afya, au mlezi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa kwanza au ndiye unayelipa gharama hakutoshi peke yake, na hapa familia nyingi hupoteza muda mrefu. Ikiwa mzee bado anaelewa mambo, msaidieni aandikishe hati hiyo sasa, kwa ridhaa yake. Ikiwa mzee amefariki, haki hiyo huwa ya msimamizi wa mirathi, naye atahitaji barua ya mahakama.

Jibu mtakalopewa mara nyingi ni kwamba HIPAA, sheria ya serikali kuu ya kulinda siri za taarifa za afya, hairuhusu. Si kweli: HIPAA inampa mgonjwa na mwakilishi wake halali haki ya kupata taarifa zake. Jibu la pili ni kwamba kituo kina siku 30. Huo ni muda wa HIPAA. Kanuni za makao ya uuguzi zina muda mfupi zaidi. Mkazi anapaswa kuonyeshwa jalada lake ndani ya saa 24, bila kuhesabu mwisho wa juma na sikukuu, na nakala anaweza kuzipata kwa kutoa taarifa ya siku 2 za kazi, kwa gharama ya kuridhisha. Zitaje kanuni hizo kwenye barua yenyewe kwa namba yake katika mkusanyo wa kanuni za serikali kuu: 42 CFR 483.10(g). Nimeona barua yenye namba hizo ikijibiwa baada ya simu nyingi kupuuzwa.

Usiombe "faili" tu, maana utapewa muhtasari. Taja kimoja kimoja: mpango wa matunzo, maelezo ya wauguzi ya kila zamu, chati ya dawa, chati ya kugeuzwa kitandani (mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya muda ili asipate vidonda), kumbukumbu za uzito na chakula, vipimo vya vidonda, maagizo ya daktari na taarifa za kuanguka. Kama mzee aliwahi kulazwa, omba pia jalada la hospitali, kwa sababu wauguzi wa mapokezi hupima na kuandika vidonda alivyofika navyo.

Kisha linganisha. Katika chati moja niliyoisoma, mgonjwa alikuwa ametiwa alama ya kugeuzwa saa nane usiku, saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, kwa mwandiko uleule na wino uleule, katika usiku ambao jalada la hospitali linaonyesha alikuwa amelazwa huko. Karatasi ya namna hiyo ina uzito mahakamani kuliko masimulizi ya ndugu wote. Hifadhi nakala kama ulivyoipokea, bila kuandika chochote juu yake.

Hatua ya 4: Toa taarifa

Anza na ombudsmani wa wakazi wa vituo vya matunzo, yaani mtetezi wa haki zao anayepokea malalamiko yao. Kila jimbo linaye, huduma yake ni bure, na hatoi siri ya mkazi bila ridhaa yake. Namba 1-800-677-1116 itakuelekeza kwa wa eneo lako. Malalamiko rasmi yapeleke kwa idara ya jimbo inayokagua makao ya wazee. Kwa kipigo, wizi au udhalilishaji wa kingono, nenda polisi siku hiyohiyo. Kituo chenyewe kinatakiwa kuripoti tuhuma ya unyanyasaji ndani ya saa 2.

Wengi huogopa kwamba mzee atafukuzwa. Kulipiza kisasi ni kosa, na kwa kawaida kumhamisha mkazi kunahitaji notisi ya maandishi ya siku 30, ambayo anaweza kuikatia rufaa.

Hatua ya 5: Tafuta wakili

Tafuta anayeshughulikia kesi za makao ya wazee hasa. Wakili wa ajali za barabarani hatajua kusoma chati ya kugeuzwa. Wengi hulipwa kwa asilimia ya fidia, mara nyingi theluthi moja au zaidi, lakini uliza nani atalipa gharama za mashahidi wa kitabibu kesi ikishindwa. Mwenye miaka 60 au zaidi anaweza kupata msaada wa kisheria wa bure kupitia mipango inayofadhiliwa chini ya sheria ya wazee ya serikali kuu, ingawa mipango hiyo kwa kawaida haichukui kesi za fidia.

Mpelekee pia mkataba wa kuingilia makao. Kama ndani yake mna kifungu cha kupeleka migogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama, kituo hakiruhusiwi kukifanya sharti la kumpokea mzee, na aliyesaini ana siku 30 za kubatilisha saini yake. Muda wa kufungua kesi hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na makao yakiwa mali ya serikali huweza kuwa mfupi mno: New York, taarifa ya madai dhidi ya kituo cha jiji au kaunti hutakiwa ndani ya siku 90. Kwa hiyo mpigie wakili hata kama nakala zote hazijafika, na umweleze ni zipi bado unazisubiri.