Somo: Kuunda meli ya mizigo ya anga kwa Blender, kutoka boksi moja hadi picha kamili

Wengi tunaoanza kuunda meli za anga hukimbilia vidude: mabomba, antena, vijitundu, mistari ya mabati. Mwisho meli inajaa kila kitu, na bado ukiitazama unaona kitu cha kushika mkononi. Wingi wa vidude haukuzi meli. Meli inakua pale mtazamaji anapokutana na kitu ambacho urefu wake anaujua, akakitumia kupima vingine bila hata kujitambua. Ndiyo maana nimechagua meli ya mizigo. Inabeba makontena, na kontena karibu kila mmoja wetu ameshawahi kusimama kando yake.

Tunatumia Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D kwenye kompyuta, kwa sababu ni ya bure kabisa na ni programu huria tangu 2002. Majina ya vitufe na menyu nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini ili usipotee.

Kabla ya kuwasha kompyuta

Chukua karatasi uandike kazi ya meli yako. Yangu ni hii: inabeba makontena 40 kati ya Dunia na Mirihi, ina wahudumu sita, na haitui kwenye sayari yoyote.

Sentensi hiyo moja imeshafanya nusu ya kazi. Kwa kuwa haitui, haihitaji mabawa wala magurudumu, wala pua iliyochongoka ya kupasua hewa. Injini zina joto na mionzi, basi zikae mbali na watu. Watu mbele, injini nyuma, na katikati uti wa mgongo mrefu unaofungiwa mizigo. Kila swali litakalokuja baadaye, kama "hapa niweke nini?", jibu lake litafute kwenye sentensi yako.

Halafu chora vivuli vyeusi vitupu, vidogo kama stempu, vingi uwezavyo. Chagua kile ambacho mtu akikiona kwa mbali hatakichanganya na kingine.

Hatua ya 1: Vipimo

Hakikisha programu iko kwenye mita. Lile boksi linalokuja lenyewe ukifungua faili jipya lina mita 2 kila upande, yaani urefu wa mlango. Liache kwanza, utalihitaji kwa kulinganisha.

Tengeneza "mtu" wa boksi, urefu mita 1.75. Tengeneza na kontena la futi 40: urefu mita 12.19, upana 2.44, kimo 2.59. Vyote viwekee koleksheni yake (kundi la vitu) uiite Vipimo, na uizime isitokee kwenye picha ya mwisho.

Meli yetu itakuwa na mita 120. Kituo cha Anga cha Kimataifa kina mita 109 kutoka ncha hadi ncha, na roketi ya Saturn V iliyopeleka watu mwezini ilisimama mita 110 na ushei. Kwa hiyo chetu ni kikubwa kidogo kuliko hivyo, na bado akili inakikubali. Meli ya kilomita kumi inapendeza kwenye hadithi, lakini kwa anayeanza ni mtihani mgumu mno, maana mlango wa binadamu hauonekani kabisa na ndio uliokuwa kipimo chako.

Hatua ya 2: Umbo kubwa

Maboksi na mitungi tu. Usiguse Tab, kitufe cha kuingia ndani ya umbo kulihariri. Kichwa mita 20, uti wa mgongo mita 70, matangi na injini mita 30. Vipe vyote rangi nyeusi moja, zunguka pande zote, kisha sogea mbali mpaka meli iwe ndogo kama kidole. Kama umbo linachosha kwa mbali, hakuna antena itakayoliokoa. Bakia hapa mpaka uridhike.

Hatua ya 3: Uti wa mgongo

Hapa ndipo roho ya meli ilipo, kwa hiyo nitakawia.

Uti ni kenchi ndefu ya chuma. Unaunda pingili moja tu ya mita 7, yenye mraba wa mita 5. Weka nguzo nne ndefu kwenye pembe, kila moja unene wa sentimita 25. Weka fremu ya mraba upande mmoja tu, kwa sababu pingili inayofuata italeta ya kwake. Kisha funga vyuma vya mshazari kwenye kila ubavu. Mshazari ndio unaozuia kenchi isipinde, na jicho la mtu aliyewahi kutazama paa likijengwa litaona upesi kama haupo.

Sasa weka modifaya (kifaa kinachobadilisha umbo bila kuligusa lenyewe) ya Array, inayorudia kitu kwa mstari, idadi 10. Zima Relative Offset, washa Constant Offset, uandike mita 7 kwenye mhimili wa urefu. Relative hupima kitu kizima, na chuma kimoja kikitokeza sentimita tano tu, pingili zote zitaachana.

Kontena moja la mita 12.19 linakalia pingili mbili, yaani mita 14. Inabaki nafasi ya karibu mita 1.8 kati ya kontena na kontena, na humo ndimo mabomba na ngazi zitakapopita. Makontena mawili ubavu kwa ubavu ni mita 4.88, yanatosha kwenye uso wa mita 5. Nyuso nne, safu tano: makontena 40. Hesabu ikikaa sawa namna hii, meli inaonekana imeundwa na mhandisi.

Unda kontena moja vizuri, na mikunjo yake ya bati, milango na komeo. Kisha linakili kwa Alt+D, usitumie Shift+D. Nakala za Alt+D zinatumia meshi moja, yaani umbo moja lenyewe. Ukirekebisha komeo la moja yamerekebishika yote, na kumbukumbu ya kompyuta haielemewi. Ukitaka kila kontena liwe na rangi yake, nenda kwenye orodha ya rangi za kitu, badilisha Data iwe Object.

Acha nafasi nne au tano wazi, uonyeshe vishikizo vitupu. Mizigo mingine imeshashushwa huko ilikotoka. Kwa maoni yangu pengo hilo linaipa meli maisha kuliko vidude mia.

Hatua ya 4: Kichwa

Boksi, Tab, kata katikati kwa Ctrl+R, futa nusu, weka Mirror, modifaya inayoakisi nusu ya pili, na uwashe Clipping ili ncha za katikati zisiachane. Endelea kwa E kutokeza nyuso na S kuzipunguza.

Ndani kuna hewa inayosukuma kuta kwenda nje, kwa hiyo chumba cha watu kiwe mtungi wenye ncha za mviringo. Yale maboksi yabandike juu yake kama masanduku ya vifaa. Madirisha yawe madogo na machache. Dirisha kubwa la katikati kwenye chumba cha kutazamia cha Kituo cha Anga lina upana wa sentimita 80 tu. Ukiweka vioo vya mita tano, umeshaipunguza meli mara sita.

Hatua ya 5: Matangi, injini na rejeta

Matangi ni tufe au mitungi ya mviringo, kwa sababu ileile ya mgandamizo. Pua ya injini ichore nusu ya ubavu wake kwa mstari, kisha modifaya ya Screw iizungushe. Kwa kulinganisha, pua ya injini ya F-1, zile tano zilizokuwa chini ya Saturn V, ilikuwa na mdomo wa kama mita 3.7.

Kitu ambacho wengi husahau ni rejeta. Angani hakuna hewa ya kupoza, joto hutoka kwa mnururisho pekee, kwa hiyo chombo chenye injini kubwa kinahitaji mbao pana nyembamba za kulitoa. Kituo cha Anga kinazo, nyeupe, na hugeuzwa ubavu kuelekea jua. Weka jozi mbili kubwa kati ya makontena na matangi. Zitakupa pia kile kivuli kinachotambulika kwa mbali.

Injini ndogo za kugeuzia zikae kwenye ncha za meli, mbele na nyuma, kwa sababu huko ndiko nguvu kidogo inageuza mwili mzima.

Hatua ya 6: Kingo na mabati

Kwanza Ctrl+A, chagua Scale. Usipofanya hivyo, Bevel itapinda upande mmoja. Kisha Bevel, modifaya ya kulainisha kingo, ya sentimita 1.5, vipande viwili, na mwisho Weighted Normal ili mwanga utulie. Hakuna chuma chenye ukingo mkali kama wembe. Ule mstari mwembamba wa mwanga kwenye kingo ndio unaofanya chuma kiwe chuma.

Mistari ya mabati: chagua uso, I, kisha E kwenda ndani sentimita 2. Kata pale ambapo fundi angeunga bati na bati.

Hatua ya 7: Vidude, kwa kiasi

Mafundi wa sinema wa miaka ya 1960 na 1970 walikuwa wakibandika vipande vya vifaru na ndege za plastiki za kuunganisha juu ya modeli zao. Nasi tunafanya vivyo hivyo. Unda vipande kama kumi na tano: valvu, boksi la umeme, kiwiko cha bomba, feni, ngazi, kishikio. Vitawanye kwa Alt+D, kwa makundi. Kundi liwe pale penye kazi, yaani kwenye maungio, karibu na injini, kando ya milango. Sehemu nyingine ibaki tupu kabisa. Jicho linahitaji mahali pa kupumzika.

Ngazi na vishikio vya mikono uviweke hata kama vitaonekana kama nywele. Hivyo vinataja ukubwa wa mtu.

Hatua ya 8: Rangi na mwanga

Rangi tatu za msingi zinatosha. Kwa chuma kilichopakwa rangi, Metallic ni 0; kwa chuma kitupu ni 1; katikati usikae. Kinachobadilika ni Roughness (ukwaruzo wa uso), iwe tofauti kidogo bati kwa bati.

Taa ni moja, ya aina ya Sun. Inakuja na pembe ya nyuzi 0.526, ambayo ni upana wa jua likitazamwa kutoka duniani, basi usiiguse. Anga liwe jeusi. Kama sayari iko karibu, ongeza taa dhaifu ya rangi yake kutoka chini. Kamera iwe karibu, lenzi ya milimita 24 hadi 35, na picha ikitokea imekatika kwa nyuma ongeza Clip End, umbali ambapo kamera inaacha kuona.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi wa Moro: Shikamoo mwalimu. Laptopu yangu ina RAM GB 4 na haina kadi ya picha. Nikifika kwenye makontena inaganda. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hakikisha umetumia Alt+D, maana hapo ndipo wengi hukwama. Pili, weka kichwa, uti na injini kwenye koleksheni tofauti, ufanyie kazi moja huku nyingine umezizima. Tatu, onyesha makontena kama maboksi: kwenye Viewport Display chagua Bounds. Picha ya mwisho irende (iache kompyuta iitengeneze) usiku kwa sampuli chache na uwashe Denoise, inayosafisha chembechembe. Kama matoleo mapya hayafunguki kabisa, toleo la 2.79 linakubali mashine za zamani, ila sura ya menyu zake ni tofauti.

Karakana ya Mwenge: Nimetoboa matundu kwa Boolean (kukata kitu kwa kitu kingine), sasa kuna madoa meusi kuzunguka tundu. Nimejaribu kila kitu.

Jibu: Fuata mpangilio huu kaka. Ctrl+A, Scale, kwa vitu vyote viwili. Ingia Tab, A kuchagua zote, M kisha By Distance kuunganisha ncha zilizolaliana, halafu Shift+N ili nyuso zote zitazame nje. Madoa yakibaki, ni kwa sababu uso mpana una kona nyingi mno na mwanga haujui upite wapi. Kata mistari michache kutoka kwenye tundu hadi kwenye kingo za bati.

Binti wa Malindi: Kaka, meli yangu nataka niiite Uhuru, kwa heshima ya ile setilaiti iliyorushwa huku kwetu. Jina naliandikaje kwenye tangi la mviringo bila kupinda vibaya?

Jibu: Jina zuri mno, dada. Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei angani. Andika jina kwenye picha ya PNG yenye mandharinyuma ya uwazi, uiweke kwenye bapa lililogawanywa vipande vingi, kisha Shrinkwrap ilibandike juu ya tangi, Offset milimita 5. Herufi ziwe na kimo cha mita moja na nusu hivi, nyoofu, zisizo na mapambo. Meli za kazi huandikwa jina lisomeke.

Sayari ya Nane: Nakupinga kidogo kwenye mabawa. Meli bila mabawa haina mvuto. Mimi naweka.

Jibu: Weka, ndugu yangu, lakini lipe bawa kazi. Ligeuze rejeta, au paneli za jua, au mkono wa kushikia matangi. Utapata mvuto unaoutaka, na mtu akiuliza "hili la nini?" utakuwa na jibu.

Mama wa Printa: Nataka kuichapa kwa printa ya 3D, sentimita 24. Faili hili linafaa kama lilivyo?

Jibu: Hapana dada, litakuumiza. Mita 120 kuwa sentimita 24 ni uwiano wa 1:500. Mstari wa bati wa sentimita 2 unakuwa milimita 0.04, printa haiuoni. Printa ya waya yenye tundu la milimita 0.4 haitoi kitu chembamba kuliko sentimita 20 za meli halisi, kwa hiyo nguzo za kenchi za sentimita 25 zitapona kwa shida, na ngazi zote zitapotea. Hifadhi nakala ya faili kwa ajili ya uchapaji tu. Humo nenepesha nguzo hadi sentimita 60, ambayo ni milimita 1.2, mistari ya mabati ifanye mipana na ya kina mara kumi, uondoe antena na ngazi. Unganisha vitu vyote viwe meshi moja isiyo na tundu. Printa nyingi za nyumbani zina meza ya kama sentimita 22, kwa hiyo kata meli pale uti unapoungana na matangi, uache kijiti na tundu lake kwa ajili ya gundi.