Kumfundisha punda kuvuta mkokoteni bila fimbo

Nilimnunua Bosi mnadani upande wa Magu, ana makovu ya fimbo mgongoni na sifa ya ukaidi. Mzee aliyeniuzia hakunificha: "Mwanangu, huyu bila kiboko hatembei." Sasa tunashuka naye mwaloni, kando ya ziwa, kila asubuhi kuchota maji, mimi mbele, kamba imelegea. Ilichukua kama miezi miwili. Kwa farasi hatua ni hizi hizi, ila farasi akiogopa hutimua mbio, punda akiogopa husimama kama jiwe la Mwanza. Tukaita ukaidi.

Kabla ya yote, mfungue mdomo. Meno mawili ya katikati mbele yakiwa bado ya utoto, mrudishe malishoni. Mzigo usubiri afikishe miaka mitatu, mkokoteni minne.

Hatua ya 1: Kaa naye

Wiki nzima sikumfundisha kitu. Niliketi zizini nikishona nyavu, nimempa ubavu, simkazii macho. Siku ya nne akaja kuninusa shingo. Nikampa kipande cha michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), nimekivunja kidogo kidogo kwa sababu punda mwenye pupa hukabwa.

Hatua ya 2: Mguse

Anza begani, panda shingoni, kisha mgongoni. Masikio na miguu viache mwisho. Ukiinua kwato, ushushe wewe kabla hajakunyang'anya mguu wake, hata kama ni sekunde mbili tu. Akizoea mkono, mpitishie gunia tupu.

Hatua ya 3: Kamba

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi niliharibu.

Simama ubavuni, usawa wa bega lake. Ukimsimamia mbele uso kwa uso umemzibia njia, halafu unamlaumu hapiti. Sema neno moja, "twende", kisha ivute kamba ikaze kidogo tu. Usiikurupue, usiongeze nguvu. Subiri. Dakika inaweza kupita. Tazama bega: kabla ya mguu kuinuka, uzito huhamia upande wa pili. Mguu ukiinuka tu, hata kama hajaukanyagisha, legeza kamba papo hapo. Kinachomfundisha ni ule ulegevu. Mvuto ni swali tu.

Kosa langu lilikuwa furaha. Alipopiga hatua ya kwanza niliendelea kuvuta ili nipate ya pili na ya tatu. Kwake ikawa kutii na kutotii ni sawasawa, akagoma siku tatu. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, zinatosha. Na nyumba nzima mkubaliane neno. Wapwa zangu mmoja alikuwa anasema "haya", mwingine anapiga mluzi, punda akabaki anatutazama.

Kuna farasi wa Berlin aliyeitwa Hans, ambaye mwenye naye, Wilhelm von Osten, aliamini anajua hesabu: anaulizwa, anagonga kwato hadi jibu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kuwa Hans alikuwa anasoma miili ya watu, jinsi kichwa cha muulizaji kinavyosogea kidogo jibu likifika. Akiulizwa na asiyejua jibu, anakosea. Wapo waliomcheka. Mimi nilijifunza kwamba mnyama ananisoma mabega kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo siku nikitoka mwaloni nimekosa samaki na nina hasira, kamba siishiki.

Hatua ya 4: Mkokoteni

Azoee kelele kwanza. Mtu aburute tairi bovu mbele yake, Bosi alifuate. Baadaye liburutwe ubavuni, kisha nyuma kwa mbali. Siku asipogeuza masikio, mfungie yeye.

Usimvike nira ya maksai. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu na shingo. Punda hana pa kuishikilia, yeye huvuta kwa kifua. Mshonee mkanda mpana wa kifuani, uufunike gunia laini, ukae chini ya koo usimbane pumzi. Kamba tupu itamkata. Mkokoteni nao uanze mtupu, siku kadhaa, njia ya nyumbani anayoijua.

Kama unambebesha mgongoni, dumu la lita 20 ni kilo 20. Mawili yanamtosha punda wetu wa kawaida. Najua kijijini watu wanapakia manne. Ndiyo maana wanahitaji kiboko.

Bodaboda akipiga honi nyuma yenu, punda atasimama. Watoto watapaza sauti, "Mjomba, mchape!" Legeza kamba, geukia pembeni, mwache anuse upepo, kisha "twende".

Kila jioni

Mvue vyote, pitisha kiganja pale mkanda ulipogusa. Ukikuta pamepata joto au manyoya yamelala upande, rekebisha gunia. Ukikuta mchubuko, hata mdogo kama sarafu ya mia, kesho yake maji ni ya baiskeli.