Somo: Kufufua shirika la umma, ndege ziwe hatua ya mwisho

Wakuu, habari za leo. Shirika likianza kufufuliwa, mtaani swali la kwanza ni "wameleta ndege ngapi?" Leo tuanzie nyuma ya hapo, na ATCL, yaani shirika letu la ndege la Air Tanzania, iwe mfano wetu.

Hatua ya 1: Jua liliugua nini. ATC, jina lake la zamani, ilizaliwa 1977, baada ya East African Airways kuvunjika. Mwaka 2002 South African Airways wakanunua asilimia 49, na 2006 ndoa ikavunjika. Desemba 2008 mamlaka ya anga ikaliondolea shirika cheti cha kurusha ndege. Ukiwa na ndege bila cheti, una bati tu limepaki uwanjani.

Hatua ya 2: Mali ikae mbali na wadai. Ndege mbili aina ya Q400 zilizokuja Septemba 2016 ziliwekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL ikazikodi. Kwa wadai wa shirika, ni ujanja mzuri. Ila Agosti 2019 ndege yetu moja ya Airbus ikazuiwa Johannesburg kwa deni la fidia ya shamba. Mdai alikuwa anaidai serikali, siyo ATCL! Umefunga mlango wa mbele, mwizi kapita uani.

Hatua ya 3: Tumia kilichopo. Ethiopian Airlines nayo ni ya serikali. Mwaka 2020 abiria walipokauka, waling'oa viti kwenye ndege kama 25, maboksi yakapangwa pale walipokuwa wanakaa watu, yakafungwa nyavu. Mizigo ndiyo iliyowavusha.

Hatua ya 4: Vipuri, halafu ndiyo ununue. Airbus A220 zetu zilikuja kukaa chini kwa tatizo la injini, ratiba ikavurugika.

MASWALI

Kinyozi wa Mbagala: Mkuu, si wauze tu tupumzike?
Jibu: Ndugu yangu, 2002 tuliuza nusu kasoro kidogo. Rudi hatua ya 1.

Mama Neema: CAG, mkaguzi wa hesabu za serikali, kasema hasara ya ATCL 2022/23 ni shilingi bilioni 56.64, kutoka 35.24 mwaka wa nyuma. Hapo kuna kufufuka kweli?
Jibu: Dada, umenibana. Linaruka, ila halijasimama. Ndege iliyolala ardhini haiuzi tiketi, na gharama zake hazilali. Ripoti ijayo ikitoka, achana kwanza na idadi ya ndege. Tafuta ni ngapi zilikuwa zinaruka.

Fundi Selemani: Na TRC, shirika la reli, je?
Jibu: Reli ina mambo yake, mzee. Nitaiandikia somo lake.