Namna ya Kuwaongoza Wanafunzi wa Akupancha katika Kliniki za Jamii na Vituo vya Uraibu

Mwanafunzi wa akupancha, yaani tiba ya asili ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, anapofika katika kliniki ya jamii au kituo cha kuwasaidia waraibu, huwa amezoea chumba chenye kitanda kimoja, mgonjwa mmoja na muda wa kutosha wa mahojiano. Hapa atakuta watu kumi au zaidi wameketi pamoja kwenye viti, wengine wamesinzia, mmoja anatetemeka kwa arosto (mateso ya mwili unapokosa dawa ya kulevya uliyoizoea), na mwingine hataki kuulizwa jambo lolote. Mkufunzi anapaswa kumwandaa mwanafunzi kwa ajili ya chumba hicho kabla ya kumwandaa kwa ajili ya sindano, kwa kuwa sindano zenyewe ndizo sehemu nyepesi ya kazi hii.

Somo la kwanza liwe juu ya mipaka ya tiba. Matumizi ya akupancha kwa waraibu yalianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale H. L. Wen, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na neva huko Hong Kong, alipoeleza kwamba baadhi ya wagonjwa wake waliokuwa waraibu wa kasumba walipata nafuu ya arosto walipochomwa sindano zilizounganishwa na umeme. Katika Hospitali ya Lincoln, mtaa wa South Bronx jijini New York, ambako huduma ya waraibu ilianzishwa mwaka 1970 kwa shinikizo la wanaharakati wa eneo hilo wakiwemo Young Lords, kundi la vijana wenye asili ya Puerto Rico, njia hiyo iliendelezwa bila umeme hadi ikawa utaratibu wa sindano tano katika kila sikio. Daktari Michael Smith wa hospitali hiyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NADA, chama cha Marekani cha akupancha kwa waraibu, kilichoundwa mwaka 1985 ili kuwafundisha wengine utaratibu huo.

Mwanafunzi aijue historia hii, lakini ajue pia kilichofuata. Jaribio kubwa lililochapishwa Marekani mwaka 2002, lililohusisha waraibu 620 wa kokeni, halikuonyesha kwamba sindano hizo zilipunguza matumizi kuliko sindano zilizowekwa mahali pasipo na pointi (sehemu maalumu za kuchoma) au kuliko mapumziko ya kawaida. Kwa hiyo mwanafunzi asimwambie mteja kwamba sindano zitamtoa kwenye uraibu. Anachoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba watu wengi huhisi utulivu wakati wa kikao, na kwamba huduma hii ni nyongeza kwa ushauri nasaha, kwa vikundi vya waraibu wanaosaidiana na, zaidi ya yote, kwa dawa zenye ushahidi wa kutosha kama methadoni na buprenofini, zinazotumika kutibu uraibu wa heroini. Mteja akieleza kuwa anajisikia vizuri kiasi cha kutaka kuacha methadoni, mwanafunzi asimpongeze. Amwelekeze kwa mtoa dawa siku hiyohiyo. Anayeacha dawa hizo hupoteza ustahimilivu wa mwili, na akirudia heroini kwa kipimo chake cha zamani anaweza kufa.

Kuna hali ambazo hazipaswi kungojea kikao kiishe. Mtu aliyekuwa akinywa pombe nyingi kila siku, au akitumia vidonge vya kutuliza vya jamii ya benzodiazepini, kisha akakoma ghafla, anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa kwa namna inayotishia maisha. Mitetemo mikali, jasho jingi, kuona vitu visivyokuwepo na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio ni dalili za kumwita daktari mara moja. Vivyo hivyo, mtu aliyelala kwenye kiti asichukuliwe moja kwa moja kuwa ametulia. Mwanafunzi afundishwe kutazama pumzi, rangi ya midomo na kama mtu anaitika akiguswa begani, na ajue naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, ilipo na jinsi ya kuitumia. Binafsi simruhusu mwanafunzi kushika sindano kabla hajaonyesha kwa vitendo jinsi ya kutoa naloksoni, hata kama alama zake za darasani ni za juu kabisa.

Siku za mwanzo mwanafunzi asichome sindano. Apange viti, awapokee watu, aketi chumbani kimya, na yeye mwenyewe achomwe sindano zote za masikioni akiwa amekaa pamoja na wateja. Baada ya hapo afanye mazoezi kwa wanafunzi wenzake hadi aweze kuzipata pointi tano bila kusitasita: ile ya simpathetiki, iliyojificha chini ya ukingo wa sikio, Shen Men, kwenye kibonde chenye umbo la pembetatu sehemu ya juu, kisha Figo, Ini na Pafu, ambazo ziko katika shimo la sikio. Sindano ni fupi na nyembamba sana, na huingia kidogo tu bila kutoboa gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika ya sikio, hadi upande wa pili. Gegedu la sikio halina mishipa yake ya damu, na likiingiwa na vijidudu hupona kwa shida. Ndiyo maana sikio lenye kidonda au uvimbe huachwa kabisa.

Usafi na hesabu ya sindano visifanyiwe mzaha. Kila sindano ni tasa, hutumika mara moja, na haifunikwi tena baada ya kutolewa. Mteja mmoja anapata sindano kumi. Wateja kumi na wawili, mia moja na ishirini. Mwanafunzi aandike idadi aliyoweka na idadi aliyotoa kwa kila mtu, kwa sababu sindano za masikioni hudondoka zenyewe na hujificha kwenye nywele, kola na mikunjo ya nguo. Zikipungua, zitafutwe kabla ya mtu huyo kuondoka, na sakafu ipitishwe sumaku mwisho wa kikao. Kisanduku cha usalama cha kutupia sindano kifungwe kikifika robo tatu, wala kisisindiliwe.

Wateja wengi katika vituo hivi wamewahi kujidunga, na maambukizi ya homa ya ini C ni ya kawaida miongoni mwao. Mwanafunzi awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini B kabla ya kuanza. Akichomwa kwa bahati mbaya, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilikamue, na atoe taarifa papo hapo, kwani dawa za kinga dhidi ya VVU hufaa zikianza mapema na kwa vyovyote kabla ya saa 72, kisha humezwa kwa siku 28. Msimamizi anayekaripia mwanafunzi aliyejichoma anawafundisha wengine kuficha.

Jambo ambalo vitabu vya akupancha huligusa kwa haraka ni kwamba sindano yenyewe inaweza kuamsha hamu. Kwa mtu aliyejidunga kwa miaka mingi, mlio wa pakiti inayochanwa, harufu ya spiriti na ncha inayong'aa ni sehemu ya kumbukumbu ya dawa za kulevya. Mwanafunzi afungue pakiti nje ya macho ya mteja, amuulize mapema kama sindano zinamsumbua, na amtazame usoni badala ya kutazama sikio pekee. Anayekataa apewe mbegu ndogo zinazobandikwa sikioni kwa plasta, au aketi tu bila kuchomwa chochote. Kuketi kwake kuhesabiwe kuwa mahudhurio kamili.

Ridhaa iombwe kila siku, si siku ya usajili tu, na iombwe kwa mtu anayeweza kuelewa anachoulizwa. Aliyelewa sana asichomwe. Apewe kiti, maji na mtu wa kumwangalia. Wengi wamepitia vipigo au udhalilishaji, kwa hiyo mwanafunzi asimkaribie mtu kwa nyuma, aseme anachotaka kufanya kabla ya kugusa, na akubali jibu la hapana bila kudai sababu. Kwa kuwa chumba ni cha wote, maswali ya afya na historia ya matumizi yaulizwe pembeni kabla ya kikao. Ndani ya chumba, mwanafunzi mwenye shauku ya kusaidia ndiye hasa wa kuchungwa, maana hupenda kujaza ukimya kwa nasaha ambazo hakuna aliyeziomba.

Kliniki za kawaida za jamii zinahitaji tahadhari za ziada, kwa kuwa humo huchomwa mwili pia. Mwanafunzi aanze na pointi zilizo chini ya viwiko na magoti, ambazo hufikiwa kwa kukunja nguo tu. Pointi za mabega, kifua na mgongo wa juu zisubiri, kwani sindano iliyokwenda ndani mno inaweza kutoboa pafu. Aulize kuhusu ujauzito, dawa za kupunguza kuganda kwa damu na matatizo ya vali za moyo. Mgeni aliyekuja na njaa anaweza kuzimia; sindano zitolewe, alazwe na miguu iinuliwe.

Katika kumpima mwanafunzi, msimamizi asihesabu tu idadi ya watu aliowachoma. Atazame jinsi alivyompokea aliyechelewa, alivyoripoti sindano iliyopotea, na kama alijua wakati wa kumwita muuguzi. Baada ya kila kikao wakae dakika chache kuzungumzia kilichotokea, ikiwemo hasira au huzuni aliyobaki nayo mwanafunzi, maana katika kazi hii atawahi kusikia kwamba mtu aliyemhudumia juma lililopita amefariki.

Muda wa mafunzo ukikaribia kwisha, mwanafunzi awatangazie wateja tarehe ya kuondoka kwake majuma kadhaa mapema, amtambulishe atakayemfuata wakiwa wote chumbani, na asimpe mteja yeyote namba yake ya simu. Wengi wa watu hawa wamezoea kuachwa bila taarifa, na kuna ambao hukoma kuja kituoni, pamoja na kukatiza methadoni yao, kwa sababu tu sura waliyoizoea haikuonekana tena asubuhi moja.