Somo: Kuitengeneza na kuipaka rangi boti ya faiba ya zamani nyumbani Lamu

Somo hili, ambalo mwisho wake nimejibu maswali ya wanachama wa kikundi chetu, nimemwandikia mwenye boti ya faiba ya futi 16 hadi 24, ya mashine ya nje, iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi baina ya Mokowe, Manda na Pate, naye anataka kuirudisha katika hali njema akiwa nyumbani kwake. Jambo ninaloomba lieleweke tangu mapema ni kwamba boti ya namna hii haiuawi na rangi iliyochakaa. Huuawa na maji yaliyojipenyeza ndani ya faiba na ndani ya mbao zilizofunikwa na faiba, na anayepaka rangi kabla ya kuyatoa maji hayo huwa ameyafungia ndani yaendelee na kazi yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kukagua na kukausha.

Wengi wetu tumekulia katika vyombo vya mbao, na mazoea ya mbao hutuponza. Mashua hutaka maji: ubao hufura, pamba ya kalafati, ile inayozibia baina ya mbao, hubanwa, na nyufa hujifunga zenyewe. Faiba haina tabia hiyo. Tundu la msumari lililoachwa wazi katika boti ya faiba halifungwi na maji, bali huwa mlango wa kuyaingizia, na plaiwudi iliyo nyuma ya tundu hilo huoza kimyakimya mpaka siku mashine inapoanza kucheza juu ya tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti unaobeba mashine.

Wakati wa kuanza

Watu hupenda kungoja Kaskazi kwa sababu ya ukavu wa Januari na Februari, lakini hiyo ndiyo miezi ya wageni na ya bahari tulivu, na boti iliyolazwa haimlishi mwenyewe. Mimi naona afadhali kuipandisha boti katikati ya Kusi, mwezi wa Juni au Julai, bahari ya nje inapokuwa imechafuka na kazi zimepungua. Mvua za masika zikiisha, boti hukauka chini ya paa mwezi wa Julai na Agosti, na rangi hupakwa Agosti au Septemba, ili ishuliwe, yaani irudishwe majini, kabla ya Kaskazi kuingia.

Hatua ya kwanza: kuipandisha na kuiegemeza

Ipweleze boti, yaani ikalishe pwani, kwenye maji makuu ya bamvua, siku ambayo maji yataifikisha juu kabisa, kisha iviringishwe juu ya magogo mpaka mahali pakavu. Uzito wote ukae juu ya mkuku, ule uti wa chini ya boti, na magadi, yaani miti ya kuegemezea, ya ubavuni yawe ya kuizuia tu isilale, kwa sababu gadi likibeba uzito hubonyeza ubavu na kuupasua kwa ndani. Omo, yaani mbele ya boti, iwe juu kidogo kuliko tezi, kizibo cha maji kitolewe, na paa la makuti au turubai lijengwe juu yake, likiacha pande wazi ili upepo upite. Turubai lililolala juu ya boti yenyewe hufuga unyevu.

Hatua ya pili: kusafisha

Makombe yaliyonata yabanduliwe siku hiyohiyo yakiwa mabichi, kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, kisha boti yote ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Rangi ya zamani ya chini ya maji isipigwe msasa mkavu hata kidogo. Rangi hizo nyingi zina shaba iliyokusudiwa kuua viumbe, na vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu. Pigeni msasa wa maji, mtandike turubai chini, na taka zote zikusanywe. Kwa wakaao Shela jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa maji ya visima tunayoyanywa mjini Lamu yamehifadhiwa ndani ya mchanga uleule wa vilima vya Shela, na kinachomwagwa juu ya mchanga hatimaye hushuka.

Hatua ya tatu: kukagua

Hapa pasiwe na haraka. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi, ugonge boti nzima hatua kwa hatua, chini, ubavuni, juu ya sitaha na hasa kwenye tezi. Faiba nzima hutoa mlio mkali na mfupi. Iliyoachana na ubao wake, au iliyolowa, hutoa mlio mzito uliofifia. Zungushia kalamu kila mahali penye mlio huo.

Kisha tezi yenyewe. Kabla hujaiondoa mashine, shika sehemu yake ya chini uiinue na kuishusha, huku mtu mwingine akitazama tezi. Ikicheza au ikionekana kupinda, kuna mbao zilizooza. Toa skrubu chache za chini: zikitoka na maji ya rangi ya chai, au zikitoka kwa vidole, habari imekamilika. Ukibaki na shaka, toboa kwa ndani matundu madogo ya milimita 5 sehemu za chini ya tezi, bila ya kuifikia faiba ya nje, utazame unga unaotoka na keekee. Unga mkavu mweupe ni salama. Unga mweusi unaonata ni kuoza. Fanya hivyohivyo kwenye mataruma, yaani mbao za kuitia boti nguvu, yaliyo chini ya sakafu, na kama chini ya sakafu kumejazwa povu gumu, kata kipande ukikamue. Povu lililolowa halikauki likiwa ndani, halina budi kutolewa.

Mwisho wa ukaguzi ni malengelenge ya chini ya maji. Toboa moja ukiwa umevaa miwani, maana humo mna maji yenye nguvu ya kuruka. Yakiwa na harufu ya siki na kuteleza kidoleni, basi maji yamekwisha kuingia ndani ya jelikoti, lile tabaka gumu la juu la boti, na kuanza kuivunja rezini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi za faiba, na utalazimika kuyafungua malengelenge yote.

Hatua ya nne: kukausha

Baada ya kufungua kila palipolowa, osha mara kwa mara kwa maji baridi kwa wiki kadhaa. Fundi asiyejua hushangaa: vipi tunakausha kwa kuosha? Ni kwamba maji yaliyomo ndani yamechanganyika na chumvi na kemikali zinazovuta unyevu, na zisipooshwa zitaendelea kuuvuta kutoka hewani hata chini ya jua kali. Ukitaka kupima, bandika kipande cha plastiki angavu cha sentimita 30 kwa 30, ukizibe pande zote kwa tepu, ukiache mchana kutwa. Ukiona ukungu au matone kwa ndani, bado. Boti yenye malengelenge mengi huweza kuchukua miezi, wala hakuna rangi ya ghali itakayofupisha muda huo.

Hatua ya tano: kukarabati faiba na tezi

Vaa barakoa ya vumbi, miwani na nguo za mikono mirefu. Ukisaga sehemu iliyovunjika, usiishie kwenye ukingo wa ufa. Ukingo uteremke polepole kwa kipimo cha 12 kwa 1, yaani faiba yenye unene wa milimita 5 isagwe mpaka sentimita 6 kila upande, ili kitambaa kipya kipate pa kushika.

Kisha uchague baina ya aina mbili za rezini, poliesta na epoksi. Poliesta ni nafuu na ndiyo iliyoijenga boti nyingi tulizo nazo, lakini haishiki vizuri juu ya faiba iliyokwisha kukauka. Kwa ukarabati, hasa wa chini ya maji na wa tezi, napendelea epoksi, ambayo hushika zaidi na hupitisha maji kidogo zaidi. Ukitumia epoksi, tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa au kilichoshonwa, si mkeka wa kawaida, kwa sababu gundi inayoushikilia mkeka ule hutengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, nayo haiyeyuki ndani ya epoksi. Na ukishaweka epoksi, usirudi kwenye poliesta juu yake.

Dawa ya kugandisha poliesta hupimwa: gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya rezini, na kwa joto letu anza upande wa chini. Epoksi haipunguzwi wala kuongezwa dawa. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kopo. Changanya kidogo kidogo katika chombo kipana, kwani rezini nyingi ndani ya chombo chembamba hujipasha moto mpaka kutoa moshi. Dawa ya kugandisha poliesta isikutane kamwe moja kwa moja na ile dawa ya zambarau ya kuharakisha, maana huweza kulipuka.

Tezi iliyooza hufunguliwa kwa ndani, ubao wote mbovu ukatolewa, ikawekwa plaiwudi ya baharini iliyolowanishwa epoksi pande zote na hasa kingo, kisha ikafunikwa kwa kitambaa kinachopanda juu ya sakafu na mbavu. Kila tundu la skrubu litobolewe kubwa kuliko linavyotakiwa, lijazwe epoksi iliyoongezwa unga wa kuifanya nzito, na likishaganda litobolewe upya kwa kipimo chake. Kwa njia hiyo skrubu hupita ndani ya epoksi bila kuugusa ubao.

Kwa kusawazisha, fila ya magari isitumiwe chini ya maji, kwani hunyonya unyevu. Tumia fila ya epoksi.

Hatua ya sita: rangi

Kabla ya msasa, futa boti yote kwa kiyeyusho cha kuondolea nta, kwa vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, kingine safi cha kupangusa kabla hakijakauka. Ukianza na msasa, utaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rangi itabanduka vipandevipande. Epoksi mpya nayo ioshwe kwa maji na brashi, kwa sababu hutoa utelezi juu yake inapokauka.

Msasa uanze namba 80 palipokarabatiwa, kisha 120 na 180, upakwe praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kushikia, halafu 220 na 320 kabla ya rangi ya juu. Rangi ya kopo moja, isiyochanganywa na dawa ya kugandisha, inatosha kwa boti ya kazi, na husameheka ukitaka kuirekebisha. Paka kwa rola laini ya sponji sehemu ya futi mbili hivi, na mwenzako afuate nyuma kwa brashi nyororo akilaza alama za rola, bila ya kurudia palipoanza kushika. Tabaka mbili au tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene.

Saa nzuri ni kuanzia saa mbili na nusu, umande ukishakauka, mpaka saa tano. Baadaye jua hukausha rangi ikiwa bado kwenye brashi, na upepo wa Kusi huleta mchanga. Usipake jioni, kwani umande wa usiku huondoa mng'aro wote. Mstari wa maji uchorwe kwa kupimia mpira angavu uliotiwa maji, ambao maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja, na tepu itolewe kabla rangi haijawa ngumu kabisa.

Chini ya maji hupakwa tabaka mbili za rangi ya kuzuia makombe na mwani, na ya tatu kwenye mkuku, omo na mstari wa maji. Boti inayopandishwa pwani kila siku haiihitaji. Rangi yenye shaba isipakwe kwenye mguu wa mashine, ambao ni wa alumini na utaliwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kizingitini: Assalaam aleikum, maalim. Rangi ya mafuta ya milango ni nafuu sana. Je, haifai?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ndani ya boti na ubavuni juu ya maji inaweza kukaa ikiwa praima ni nzuri, ila itapauka upesi. Chini ya maji usiitumie.

Mwanachama wa Shela: Nimepewa bunduki ya kupulizia na rangi ya makopo mawili. Nyumba zimebanana, kuna tatizo?

Lipo, na ni kubwa. Dawa ya rangi hizo ina isosaineti, ambayo ikipulizwa huingia mapafuni na huweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kawaida haitoshi. Wapulizaji huvaa zile zinazoletewa hewa safi kwa mpira. Jirani na mtoto anayepita kichochoroni hawana hata hiyo. Tafadhali, dada yangu, tumia rola.

Mwanachama wa Matondoni: Mimi ni seremala wa majahazi. Kwa nini nisitie ubao mmoja mzuri wa mbao ngumu kwenye tezi badala ya plaiwudi?

Fundi, mkono wako utafaa sana kwa kukata kiolezo cha tezi, maana umbo lake si la mraba. Lakini ubao mzima hupanuka na kusinyaa kwa upande mmoja, na nguvu hiyo hubandua faiba. Plaiwudi imepangwa nyuzi zikikingamana, hivyo hutulia.

Mwanachama wa Mokowe: Poliesta yangu imekauka lakini juu inanata mpaka leo.

Poliesta ya kujengea haikauki juu ikiguswa na hewa, na hiyo ni kawaida yake ikiwa unataka kuongeza tabaka. Tabaka la mwisho hutiwa nta maalumu. Sasa futa kwa asetoni, piga msasa, upake tabaka lenye nta. Ikiwa inanata mpaka ndani, basi dawa ilikuwa kidogo mno na itabidi ikwanguliwe.

Mwanachama wa Malindi: Nilitibu malengelenge mwaka uliopita, yamerudi palepale. Rangi ilikuwa mbovu?

Kwa yote uliyoyaeleza, uliziba wiki moja baada ya kuyafungua. Unyevu ulikuwa bado ndani. Yafungue tena, uoshe, ungoje mpaka kipande cha plastiki kibaki kikavu, ndipo upake epoksi ya kuzuia maji tabaka tano au sita.

Mwanachama wa Faza: Napenda boti yangu iwe nyeusi ubavuni. Unashauri?

Nyeupe au rangi hafifu. Ubavu mweusi katika jua letu hupata joto la kuilainisha rezini, na kila alama ya ukarabati itaonekana kwa mbali.

Mwanachama wa Kizingitini: Nikishaishua, nini cha kutazama kwanza?

Iache ielee kwa saa moja ikiwa imefungwa, kizibo kikiwa mahali pake, uinue mbao za sakafu utazame kwenye mkuku na kwenye kona za tezi. Pakiwa pakavu, tia mashine, nenda taratibu mpaka mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, na kurudi, kisha ukaze tena boliti za mashine, kwani tezi mpya hukaa sawa baada ya safari ya kwanza.