Bata mzinga wa Missouri: kabla ya kufuata nyayo, tafuta mahindi

Msimu wa kuwinda bata mzinga wa mwituni majira ya kuchipua katika jimbo la Missouri, Marekani, kwa kawaida hufunguliwa Jumatatu ya tatu ya Aprili. Lakini anayeharibikiwa huharibikiwa Machi, wakati wa kupeleleza, na kinachomponza ni mahindi.

Ni marufuku kumwinda ndege huyu kwa chambo. Mahindi, ngano, chakula cha kuku, vyote ni chambo. Hata ukizoa punje zote, mahali hapo panahesabiwa kuwa na chambo kwa siku 10 zaidi. Soma tena: siku 10 tangu punje ya mwisho kuondolewa, si tangu ilipomwagwa. Wala si lazima uwe umemwaga wewe. Ukiwinda mahali ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba pana chambo, kosa ni lako.

Mtego wenyewe uko hivi. Mwenye shamba ameweka pipa la kulishia kulungu tangu majira ya baridi. Mgeni anaona bata mzinga wamejaa hapo, anamshukuru Mungu, anachagua mti wa kuegemea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndiyo maana narudia: muulize mwenye shamba waziwazi kama kuna pipa au nafaka iliyomwagwa, kisha zunguka ujionee. Tafuta pipa la miguu mitatu, duara la ardhi iliyokanyagwa hadi ikawa uchi, punje kwenye matope. Ukiviona, hama. Mahindi yaliyodondoka katika mavuno ya kawaida hayana shida.

Ndugu wa nyumbani watakwambia WhatsApp: "Si kuku tu huyo? Mmwagie mahindi." Tuwasamehe, hawamjui askari wa wanyamapori wa huku. Ila msiwatii.

Karatasi: kibali cha bata mzinga, na cheti cha mafunzo ya uwindaji kwa mtu mzima aliyezaliwa 1 Januari 1967 au baadaye. Mwenye viza ya masomo au ya kazi asiguse bunduki wala risasi kabla ya kuwa na leseni halali ya uwindaji. Hiyo ni sheria ya serikali kuu. Asiye na makaratasi ya kukaa nchini, leseni haimwokoi.

Kundi uliloliona kwenye theluji ya Februari usilitegemee, hutawanyika. Nenda wiki mbili au tatu kabla ya msimu, ufike nusu saa kabla ya mapambazuko, usimame kwenye kilima usikilize. Dume hulia akiwa bado mtini. Akinyamaza, iga mlio wa bundi au kunguru. Mara nyingi atashtuka ajibu. Mlio wa jike usiuguse: utamzoesha hila yako mapema, na Aprili atakukwepa. Mti anaolala usiusogelee.

Jua likipanda, tafuta majani yaliyochakurwa na vishimo vya kuogea vumbi. Kinyesi cha dume ni kirefu, kimepinda mwishoni kama herufi J. Cha jike kimejiviringa kama kibonge. Unyoya wa kifuani wenye ncha nyeusi ni wa dume, wenye ncha ya hudhurungi ni wa jike. Penye mistari pande mbili za nyayo, dume ameburuta mabawa akijitangaza.

Ukiona mistari ya wima ya rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo, ni alama ya kukataza kuingia: usivuke, hata kama dume analia hatua ishirini mbele. Wamarekani husifia sana uhuru wao, lakini rangi kidogo ya kopo kwao ina nguvu kuliko ukuta wa michongoma. Nyumbani ungekatiza shamba la jirani kwa salamu tu. Huku gonga mlango mchana, Januari au Februari, gari likiwa mahali linapoonekana, bila nguo za kuwindia. Wazee wengi wa mashambani ni waungwana wakiombwa mapema.

Akikubali, chukua namba yake. Mpigie tena wiki mbili kabla ya ufunguzi, umuulize habari ya pipa. Lililokuwa tupu Machi huenda kijana wake amelijaza jana.