Ukienda kununua paipu ya plastiki, soma PN kwanza

Wengi wakifika hadiwea wanauliza saizi na bei tu, nusu inchi ngapi, basi. Geuza paipu usome yale maandishi ubavuni, utaona PN10, PN16 ama PN20. Hiyo namba ni presha kwa bar ambayo paipu inabeba mfululizo maji yakiwa digrii 20, na bar 1 ni kama maji yaliyosimama mita 10 kwenda juu. Kwa hivyo tangi likikaa mita 8 juu ya mfereji, presha haifiki hata bar 1, PN10 yatosha kabisa.

Sasa shida ni joto, na hapa Mombasa joto twalijua. Paipu ya PVC iliyolala juu ya paa Kisauni mchana kutwa, ikifika digrii 40 inabaki na kama asilimia 70 ya nguvu zake, yaani PN10 yako sasa ni bar 7 hivi, na jua lenyewe linaila plastiki pole pole, so ifukie ama uipake rangi nyeupe. Ya maji moto usiweke PVC kabisa, chukua PPR, plastiki ya aina nyingine inayovumilia maji moto, iwe ya PN20.

Ukiwa na pampu panda daraja, yaani chukua PN ya juu zaidi, kwa sababu ukifunga mfereji ghafla maji yanapiga kwa kishindo na presha inaruka juu sana kuliko ile geji inaonyesha. Na tafadhali, ile paipu nyepesi ya maji machafu usikubali fundi aifunge kwa laini ya presha, hata akikuapia.